Mbwa Katika Daftari la Nyayo

Fundi viatu alikuwa na miaka arobaini na mbili, na thelathini na saba kati ya hiyo aliimaliza akiwa na kinyongo na baba yake kwa sababu ya mbwa. Hata msiba haukukiondoa. Alimzika mzee kwa heshima zote, akalia mpaka shemeji zake wakamshika mikono, akarithi karakana ya chumba cha mbele, nyundo, kalibu za mbao za kuumbia viatu na daftari la nyayo za wateja. Lakini lile la mbwa lilibaki kifuani.

Mbwa mwenyewe aliitwa Soli. Alikuwa wa kahawia, miguu yote minne myeupe kama amekanyaga unga. Mzee alimnunua kando ya barabara, kwa mtu aliyekuwa na vitoto vya mbwa ndani ya boksi, na kwa mwaka mzima Soli alilala chini ya meza ya kazi, juu ya mabaki ya ngozi, akinuka gundi. Fundi wakati huo alikuwa mtoto wa miaka mitano. Akienda chooni, Soli alimsubiri mlangoni kama askari. Nani mwingine katika maisha yako amewahi kukufurahia kwa kutoka chooni tu?

Kisha siku moja fundi alianguka juu ya kalibu, akapasuka juu ya jicho. Akapelekwa kushonwa, akarudi na bandeji, na Soli hayupo.

"Nimempeleka shamba kwa rafiki yangu," mzee alisema, huku akiendelea kupaka gundi. "Karakana si mahali pa mbwa."

Basi, hivyo tu. Mtoto akasusa chakula siku mbili, akagoma kumwamkia baba yake kwa wiki nzima, na mzee hakumchapa wala hakumbembeleza.

Sasa fundi naye alikuwa baba. Wa kwanza alikuwa na miaka saba, waliyemwita Mdomo kwa kuwa hata usingizini alikuwa na la kusema. Wa pili alikuwa binti wa miaka minne, waliyemwita Kinyonga, kwani hakupiga hatua kabla ya kuipima mara mbili. Wote wawili walizijua hadithi za Soli kwa moyo. Miaka ikaenda mama yao akikataa habari za mbwa. Yeye alikuwa mkunga, na mkunga haamini anachoambiwa, huamini anachokipapasa. Isitoshe, shavu la mguu wake lilikuwa na kovu la meno ya mbwa tangu utotoni. Mwishowe akalegea, lakini kwa masharti.

"Tunakwenda wote. Na Kinyonga amguse mwenyewe, bila kusukumwa. Akikataa, baba watoto, habari ya mbwa katika nyumba hii imekwisha. Sitaki kuisikia tena mpaka watoto waoe na waolewe."

Fundi akakubali haraka mno. Hakusema kwamba tayari alikuwa na mbwa wake kichwani.

Jumamosi ya kwanza akawapeleka moja kwa moja kwa muuza vitoto vya mbwa, kwenye njia panda. Ndani ya boksi mlikuwa na vinne, na kimoja, amini usiamini, kilikuwa cha kahawia chenye miguu myeupe. Fundi akakinyoshea mkono. Mtu mzima na ndevu zake, amechuchumaa kando ya barabara, machozi yanamlengalenga.

"Wana umri gani?" mkunga akauliza.

"Miezi miwili, mama."

Mkunga akakiinua kimoja, akakifungua mdomo, akakipapasa tumbo lililojaa kama puto. "Hawa hata mwezi na nusu hawajafika. Mama yao yuko wapi?"

"Mama yao amesafiri."

Mkunga akakirudisha ndani ya boksi taratibu, akanawa mikono kwa maji ya chupa. "Twende. Siuziwi mbuzi kwenye gunia."

"Lakini mwangalie huyu," fundi alisema. "Ni Soli mtupu."

"Soli wako wewe. Wanangu watalala na mbwa, hawatalala na kumbukumbu zako."

Neno hilo lilimchoma, na akanuna mpaka Jumatano.

Jumamosi iliyofuata wakaenda kwa mfugaji mmoja mwenye geti la chuma na mbwa wa ukoo. Hapo mama wa vitoto alikuwepo, tena alikuwepo kweli: alibweka mpaka geti likatetemeka. Mwenye mbwa akawa anawaonyesha vyeti vya ukoo wao. Mdomo alifurahi kupita kiasi. Kinyonga akaingia ndani ya sketi ya mama yake, hakutoka hata alipoahidiwa biskuti. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyesema kitu, isipokuwa Mdomo, ambaye hahesabiwi.

Mkunga akakubali nafasi moja ya mwisho. Fundi alijua kabisa: Kinyonga akiogopa tena, mlango unafungwa.

Katikati ya wiki akaja bibi mmoja, mteja wa zamani wa mzee, anataka viatu kama vile alivyoshonewa zamani. Mzee alikuwa na desturi yake. Hakumshonea mtu kiatu kabla ya kumsimamisha juu ya daftari, kuuchora unyayo kwa penseli na kuandika pembeni ubaya wake wote: kidole gumba kinauma, anaburuta kisigino cha kushoto. "Mguu hausemi uongo," alikuwa akisema, "mdomo ndio." Kwa hiyo fundi akaanza kufunua kurasa za nyuma, za nyuma kabisa, akiutafuta unyayo wa yule bibi.

Akakuta unyayo mdogo, wa mviringo, wenye vidole vinne na kucha.

Pembeni kulikuwa na mwandiko wa mzee: *Soli. Mbele kulia. Hana kosa. Alikuwa anakula.*

Fundi akasoma mara tatu. Kisha akalichukua daftari mpaka uani, ambako mama yake mzazi, aliyeishi nao, alikuwa anachambua mchele.

"Mama, hii ni nini?"

Mama yake akatazama ukurasa, akaweka sinia chini. "Kumbe alimchora," akasema. "Mimi sikujua kwamba alimchora."

"Alikuwa anakula nini?"

"Chakula chake, mwanangu. Ulimwinamia kumkumbatia akiwa kwenye bakuli. Akakuuma mara moja, hapo juu ya jicho, halafu akajificha chini ya meza akitetemeka kuliko wewe. Tungejuaje? Hatukumjua mama yake, hatukujua alikotoka wala aliyemnyang'anya chakula kabla yetu. Aliyemuuza hatukumwona tena."

Fundi akaligusa kovu lake. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia jambo mara nyingi, hulikumbuka kana kwamba aliliona. Hata sasa aliiona ile kalibu ikimjia usoni.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Akinichukia mimi yatapita, mimi ni baba yake, tutaishi naye tu. Lakini akimwogopa rafiki yake, ataogopa maisha yake yote.'"

"Hayakupita, mama."

"Najua," mama yake akasema. "Na yeye alijua."

Fundi akakaa palepale juu ya ndoo iliyofunikwa, na akalia. Akamlilia mzee kuliko alivyomlilia siku ya mazishi.

Jioni akamsimulia mke wake yote. Mkunga hakusema, "Nilikwambia." Alimmiminia chai, akakaa karibu naye. "Basi tutafute mbwa anayejulikana," fundi akasema. "Rangi yoyote."

Jumamosi ya tatu wakaenda nyuma ya zahanati ya mifugo, mahali panapotunzwa mbwa walioachwa. Mtunzaji, dada mmoja mwenye mabuti ya mpira, aliwauliza wao maswali badala ya kuulizwa: nani anashinda nyumbani, ua una uzio, watoto wamefundishwa nini. Kisha akamleta jike mweusi wa miaka mitano, sikio moja limechanika, mvi zimeanza kidevuni.

"Mzee huyu," Mdomo akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

"Ng'ombe hazeeki maini," mama yake akamjibu.

Mbwa huyo alitoka kwenye familia yenye watoto watatu, iliyohamia ghorofani. Mama wa nyumba ile alikuwa ameacha karatasi, na mtunzaji akampa fundi aisome. *Anapenda watoto. Anaogopa radi. Ukimshika masikio hana neno. Akiwa anakula, mwacheni.*

Fundi akampa mke wake karatasi. "Huyu amechorwa na kuandikwa," akasema.

Kinyonga alimzunguka mbwa kwa mbali. Akamzunguka tena. Mbwa akajilaza chini, kidevu juu ya miguu, akamfuata kwa macho tu. Baba mtu alijibana mikono kwapani asije akamsukuma. Dakika zikaenda. Kisha Kinyonga akanyoosha kidole kimoja, akaligusa lile sikio lililochanika, akauliza, "Linauma?"

Mkunga akashusha pumzi. "Haya," akasema, "mfungeni kamba twende."

Nyumbani walimwekea bakuli karibu na meza ya kazi. Kinyonga, ambaye sasa woga wote ulikuwa umemtoka, akakimbia kwenda kumkumbatia. Fundi akamdaka kiunoni mlangoni, akampakata mapajani.

"Akila tunamwacha," akasema. "Babu yako alijua."

Wakangoja mpaka bakuli likabaki jeupe. Hapo fundi akafungua daftari, akageuza ukurasa wa Soli hadi upande wa pili uliokuwa wazi, akamwita mbwa, akamwekea mguu juu ya karatasi. Kinyonga akashika penseli, mkono wa baba yake juu ya wake, wakauzunguka unyayo polepole.

"Unaandika nini pembeni?" Mdomo akauliza.

Fundi akaandika: *Mbele kulia. Alikuwa anakula. Tulimngoja.*