Mashine Kuu Iliyohamia Kasomeno

Niliporudi Lubumbashi baada ya miaka ya kuhangaika Kolwezi na ng'ambo ya mpaka, kampuni ndogo ya saruji na mabati iliniomba niunganishe kompyuta za ofisi zake tatu: ya mjini kati, ya Bel-Air na ya Kasomeno, penye depo, yaani ghala la kuuzia bidhaa. Mashine kuu niliiweka mjini, karibu na mkurugenzi, na ofisi nyingine zikapitia hapo.

Kila umeme wa mjini ulipokatika, mtandao wote ulikufa, na mauzo ya Kasomeno hayakuonekana. Mama msimamizi wa Kasomeno alikuwa na hofu, kwani mkurugenzi alikwisha kusema kwamba depo isiyoonyesha mauzo yake ataifunga.

Nikaenda ofisini kwake. Juu ya paa nilikuta sola, na barazani simu za majirani zikichajiwa. Nikachora mpango upya palepale: mashine kuu ihamie Kasomeno.

Mkurugenzi alicheka. "Bureau ya mukubwa iko hapa, na weye unapeleka mashini kule mu pori?"

"Patron, hapa courant inakatika. Kule jua haikatikake."

Alinung'unika, lakini akakubali, nami nikaihamisha mashine.

Wiki iliyofuata umeme wa mjini kati ukakatika tena. Mkurugenzi akapanda teksi pamoja nami mpaka Bel-Air, kulikokuwa na umeme, akaketi mbele ya kompyuta na kumpigia mama simu.

"Mama, umeuzisha mabati ngapi leo?"

Mama akaangua kicheko mpaka sote ofisini tukamsikia.

"Papa, weye unaniuliza miye? Angalia, iko mbele ya macho yako!"

Akaangalia: mauzo yote ya Kasomeno yalikuwa kwenye skrini. Habari ya kufunga depo hakuitaja tena.