Mtu Mmoja, Akaunti Moja

Mimi ni mwanamke wa hasira, na kazi niliyopewa kwenye jukwaa letu ilinifaa. Jukwaa hilo la mtandaoni lilifunguliwa na wana wa Kasongo na Kabambare waliotawanyika, wengine Kindu, wengine Bukavu, wengine mbali zaidi, ili watu wapashane habari za barabara, za mchele, za ndoa na za misiba. Wasimamizi tulikuwa watatu. Mkubwa wetu alikaa Kindu, mwingine alikuwa ng'ambo na hakuonekana ila kwenye sikukuu, na mimi nilikuwa hapa Kasongo, kwenye kibanda changu cha kupiga chapa na kuchaji simu, karibu na msikiti. Nilipewa kuwawinda watu wenye akaunti mbili, kwa sababu sheria yetu ya kwanza ilisema: mtu mmoja, akaunti moja.

Watu hufikiri mtambo ndio unaowakamata. Mtambo ulinionyesha ni simu gani imeandika, lakini kwetu hilo halisaidii kitu. Simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na kule Salamabila, kwenye dhahabu, wachimbaji wa shimo moja huchangia simu kama wanavyochangia sufuria. Ningeufuata mtambo ningefukuza Salamabila yote. Kwa hiyo niliwasoma watu wenyewe. Nilitazama nani huingia mara tu mwingine anapotoka, nani humsifu nani, nani hukasirika kwa maneno yale yale. Kulikuwa na bwana mmoja aliyejifungulia akaunti nne ili amsifu mgombea wake, na ili tusimshuku akaanza kugombana na nafsi yake. Aligombana vizuri sana, mpaka siku alipojiomba msamaha kwa akaunti isiyohusika. Nilicheka peke yangu kibandani, nikamfungia zote nne. Njia ya mwongo ni fupi, nilimwandikia, na siku ile nilijiona hodari.

Jirani yangu alikuwa mjane, mtu wa swala, wa zile familia za zamani za mjini. Alikuwa na mguu uliomsumbua na mtoto mmoja tu wa kiume. Mtoto huyo alipokwenda kuchimba Salamabila, mimi ndiye niliyemfungulia akaunti, kisha nikamwonyesha pa kubonyeza. Tangu hapo mama yake alikuja kibandani kila siku baada ya alasiri. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akanyoosha mguu wake, akasema, "Soma." Nilimsomea. Akitaka kujibu, niliandika kwa akaunti yangu: mama yako anasema hivi na hivi. Kisha alibaki kitini akingoja jibu, hata kama mvua inanyesha.

Kijana hakuwa na maneno mengi. Alitoa salamu, akauliza mguu unaendeleaje, akasema wapo salama. Hakuandika hata mara moja bila kuuliza mguu. Aliandika hadharani, mbele ya watu wote wa jukwaa, na mama alipenda hivyo. Alitaka mji mzima uone kwamba ana mtoto anayemkumbuka.

Wakati wa mvua kubwa kijana akanyamaza. Mama aliniandikisha swali lile lile siku baada ya siku: mtoto wangu, uko wapi? Hatimaye jibu likaja. Lilisema yupo, kazi ni nyingi, asihangaike. Mama alinishika mkono kwa furaha na kunirushia baraka mpaka nikaona haya. Mguu haukuulizwa, lakini siku ile hakuna aliyelitazama hilo.

Ramadhani ikaingia. Siku moja akaunti ya kijana ikaandika: leo mchana tumekula bugali na samaki wa kukausha, tumeshiba, Mungu ni mwema. Nililisoma kwa sauti kabla ya kulifikiria. Mama akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.

"Muchana?" aliuliza.

"Ndiyo vile ameandika, Mama."

"Iko mugonjwa?"

"Hajasema ni mgonjwa."

Kabla sijamaliza kufikiri, watu wa jukwaa walikuwa wamekwisha kuona. Mmoja aliandika kwamba dhahabu imemlia dini yake. Mwingine aliuliza kama hivyo ndivyo watoto wa karibu na msikiti wanavyolelewa. Mama aliniamuru nisome hayo yote, nami nikayasoma. Ndipo aliponiambia, "Muandikie. Kama unakula muchana wa Ramadhani, usiniite mama." Nilimsihi tungoje kesho. Akasema nisipoandika atakwenda kwa mwenye kibanda kingine. Nikaandika.

Jibu lilikuja upesi: nisamehe mama, nilikosa. Mama hakulijibu. Tangu siku ile aliacha kwenda msikitini kwa swala ya tarawehe, kwa kuwa aliona haya kusimama safu moja na wanawake wenzake. Alikuja kibandani bado, akakaa, lakini hakusema tena "soma". Alingoja tu nianze mwenyewe.

Mashtaka yaliletwa na mtu mwingine kabisa, mmoja wa wale wasiokuwa na kazi. Alimwandikia mkubwa wetu wa Kindu kwamba akaunti ya kijana wa jirani yangu na akaunti ya mchimbaji mwingine, mkristo wa upande wa Kabambare, zinaandikwa na mkono mmoja. Mkubwa akanipa kazi ya kuchunguza. Nilikasirika, kwa sababu nilijua hao wawili wanachimba shimo moja na wanatumia simu moja, na hilo si kosa. Hata hivyo nilikaa nikasoma tangu mwanzo, yote, ya huyu na ya yule.

Kabla ya mvua walikuwa watu wawili. Walitaniana hadharani, huyu akimwita mwenzake mvivu wa koleo, yule akijibu. Baada ya mvua hawakutaniana tena. Mmoja alikuwa akiingia pale tu mwingine anapotoka. Mama alipomuuliza mwanawe mbuzi wake mweusi auzwe au akae, jibu lilikuwa: fanya unavyoona. Yule mbuzi, mwanawe ndiye aliyemlea kwa mkono wake na kumpa jina. Na mguu, tangu mvua, haukuulizwa tena. Sasa nilijua ninachokitafuta.

Nilimwandikia yule mkristo faraghani. Sikumzungusha. Nilimuuliza: mwenzako yuko wapi?

Kesho yake akaandika, akiniita yaya, dada mkubwa: "Yaya, shimo lilituangukia mu Shaabani. Mimi nilitoka. Yeye hakutoka muzima. Tulimuzika huku huku, watu wa dini yake walimusalia. Nilisema nitakuja mimi mwenyewe kumuambia mama, lakini barabara iko na watu wa bunduki, hakuna pikipiki yenye kupita."

Kwetu habari ya kifo haitumwi kwa simu kwa mama mzazi. Aliyeona ndiye anayeibeba. Anakuja kwa miguu yake, anaingia kwa wazee kwanza, na wazee ndio wanaoingia naye kwa mfiwa. Ukimpigia mama simu ukamwambia mwanao amekufa, ni sawa na kumtupia maiti mlangoni ukakimbia. Hata jukwaa letu halikutangaza msiba kabla ya familia kuambiwa. Yule mkristo pia alilelewa hivyo hivyo, naye alikuwa anaingoja barabara ipitike.

Lakini nilikuwa na hasira. Nilimuuliza kwa nini basi hakunyamaza tu.

"Mama alikuwa anauliza kila siku," alijibu. "Maulizo yake ilikuwa inafika kwa hii simu. Mutu anaweza kuisoma vile na kunyamaza? Niliandika mara moja tu, alale. Kisha akauliza tena."

Nilimwambia mkubwa wa Kindu ukweli. Akaniambia nifunge zote mbili na nitangaze sababu, kwani sheria ni sheria. Nikamjibu kwamba nikitangaza sababu, Bukavu nzima itajua kabla ya mama aliyekaa hatua chache kutoka kibandani kwangu. Akasema nimekuwa laini. Nikamwambia kama ana kidole cha kufungia, afunge mwenyewe na aje Kasongo kumwangalia mama usoni. Hakufunga. Mimi nilimwamuru yule mkristo mambo mawili: asiandike tena neno kwa jina la marehemu, na aje, hata kwa kutambaa.

Siku zilizofuata sizitamani hata kwa adui yangu. Mama alikuja, akakaa, akangoja. Nilimwambia rezo, mtandao wa simu, ni mbaya. Aliamini, kwa kuwa rezo yetu ni mbaya kweli. Siku ya Idi hakupika chochote. Nilimpelekea sahani ya wali na kuku, akaifunika, akaiweka kando.

Yule kijana mkristo alifika baada ya Idi. Sehemu alikuja kwa pikipiki, sehemu kwa miguu, alipitia Kabambare na Lusangi, viatu vimeisha. Aliingia kwanza kwa shemeji wa mama na kwa mzee wa msikiti, kama inavyotakiwa. Wao ndio waliomleta, na sisi wanawake wa jirani tukafuata nyuma. Mama alipoona wanaume wale wamevua viatu mlangoni bila kusema kitu, alikaa chini kwenye mkeka mwenyewe.

Kijana alisimulia kila kitu: mvua, udongo, jinsi walivyochimba kwa mikono mpaka wakamkuta, na nani alimwosha. Wanawake wakaanza kulia. Mama hakulia. Alimtazama yule kijana kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Mwezi gani?"

"Mu Shaabani, mama. Ramadhani ilikuwa haiyafika."

"Sasa ule mwenye aliandika kwa jina lake ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Na ile samaki ya muchana?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Ni mimi. Mimi ni mukristo, mama. Nilisahau."

Niliogopa mama atamrukia. Nami, nikisema kweli, ningefurahi kidogo kama angemrukia. Mama alivuta pumzi ndefu.

"Ndiyo kusema mutoto wangu hakukula," alisema.

Ndipo alipolia, na kilio kile sijakisikia tena popote.

Matanga yalipomalizika alirudi kibandani, saa yake ile ile baada ya alasiri, akakaa kwenye kiti na kunyoosha mguu. Aliuliza kama konti ya mwanawe bado ipo. Nikamwambia ipo, na kwamba sheria inanitaka niifunge leo. Yule kijana alikuwa ameniachia neno la siri.

"Mbele ya kufunga, andika humo," alisema. "Humo, kwa jina lake. Pale watu walisoma ile ya samaki, ndiyo wasome na hii."

Mimi ndiye niliyekuwa nikifukuza watu kwa kosa hilo. Nilifungua akaunti ya mwanawe, naye akaniambia maneno polepole ili nisiache hata moja:

"Mimi ni mama yake. Mutoto wangu alikufa mu Shaabani. Hakukula muchana wa Ramadhani. Nilimuambia asiniite mama, na yeye alikuwa tayari chini ya udongo. Sasa ninamuomba aniite."

Niliandika alivyosema, nikatuma. Alibaki amekaa pale kitini akingoja, kama alivyozoea kila tulipotuma, na sikuweza kuifunga akaunti mbele yake.