Kichaka cha Juu ya Chemchemi

Kanisa letu, karibu na Nkubu, lilinituma Kibugu nikajifunze ushindi. Juu ya chemchemi yetu kuna kichaka cha mikuyu walikotambikia watu wa kale, na kamati ilikuwa imeazimia kukifyeka. Shemeji yangu Njeru, mzee wa kanisa huko Kibugu, Embu, alifyeka cha kwao zamani akapanda mikaratusi, na huo ndio ushindi niliotumwa kujifunza. Mimi ni mwalimu, tena mtu wa kubisha, lakini sifa za Njeru nilikuwa nimezisikia mpaka nikaziamini.

Niliondoka asubuhi kukiwa na ukungu. Kibugu, nyuma ya mashamba ya chai, nilimkuta Njeru bondeni na mwanaikolojia, mama wa makamo aliyevaa gambuti. Chemchemi yao ilikuwa tope tupu.

"Shemeji, umekuja wakati mbaya," Njeru alisema. "Hii maji inakufa tukiangalia. Ndio nikaita daktari."

Yule mama alitandaza kamba ya mraba chini ya mikaratusi, akahesabu kila mmea na kila mdudu ndani yake. Hakukuwa na kazi kubwa. Alipozamisha wavu topeni, ulitoka na funza wekundu tu.

Mchana alitupandisha hadi ukingoni mwa msitu, penye chemchemi yenye mikuyu. Mraba uleule ulijaa magugu, siafu na jongoo; wavu ukatoka ukichezacheza kwa wadudu wa majini.

"Ndiyo kazi yetu, kulinganisha," alisema. "Hapa majani yanaoza, wadudu wanayala, udongo unalegea, mvua inazama. Wote wanategemeana. Kule chini, mikaratusi inakunywa na hakuna anayerudisha."

Njeru alivua kofia. "Na mimi niliitoa yote nikiimba. Nikikata hiyo mikaratusi leo, maji itarudi lini?"

"Mzee, sijui kama itarudi."

Njeru aliketi chini kama mtu aliyefiwa. Nilimhurumia sana, kisha hofu ikanishika juu yetu sisi wenyewe. Nilimpigia simu mwenyekiti wa kamati mara kadhaa. Hakushika.

Kesho yake niliwahi kurudi. Nilipokuwa nikipanda kutoka barabarani nilisikia msumeno wa injini, nikakimbia. Mwenyekiti alinipokea akicheka, unga wa mbao kwenye nyusi.

"Mwalimu, tumekushinda mbio! Haya, tuambie Njeru alifanya aje."

Nilimwambia yote palepale. Msumeno ulizimwa. Nilikuwa nimejifunza kwamba kichaka kile, kiwe cha Mungu au cha shetani, ndicho kilichokuwa kikitunywesha. Mwenyekiti aliutazama mkuyu wa mwisho uliolala juu ya chemchemi, akaniuliza kwa sauti ndogo nani atawaambia akina mama wanaoteka maji hapo.