Siku Nilipofungwa Machelani

Kabla hujaruhusiwa kumbeba mtu, ilibidi wewe mwenyewe ubebwe kwanza. Hiyo ilikuwa sheria ya mwalimu wetu kwenye kozi ya wahudumu wa ambulansi, na aliyekataa alionyeshwa mlango. Siku yangu ilipofika, wenzangu walinikaza mikanda kifuani hadi magotini, wakaniteremsha kwenye kilima cha Rugerero mchana kweupe, wanawake wakitoka sokoni na mabeseni kichwani.

Mjini kwetu Gisenyi habari haingoji gari. Mmoja wao alinitambua, akageuza kurudi sokoni mbio. Tulipokuwa tunarudia zoezi, nikamsikia mama. Aliacha nyanya zake mezani, akaja kiatu kimoja mkononi.

"Mutoto yangu! Nani amekufanya hivi?"

"Mama, mi iko muzima! Ni mazoezi tu."

"Kama uko muzima, juu ya nini wamekufunga kama kuku?"

Wenzangu walivunjika mbavu. Mimi nina hasira za karibu, nimezirithi kwake huyohuyo, na siku ile zilinipanda. Mwalimu alimweleza taratibu. Mama akasikiliza, akasema "bon", yaani sawa, kisha akaushika mguu wangu na kutembea nao.

"Niachilie, mama. Watu wanaangalia."

Hakuniachilia hadi chini ya kilima.

Mwalimu peke yake hakucheka. Aliniuliza kama niliogopa. Nikamjibu kweli: mwanzoni niliogopa kila mbebaji alipoteleza, lakini mama aliponishika mguu, woga ukaisha. Tangu siku hiyo alitufundisha kubakiza nafasi miguuni kwa mtu wa nyumbani. Nayakumbuka sana mazoezi yale, kelele zetu, vumbi, chai ya maziwa baada ya kazi. Tulikuwa na bahati, wala hatukujua.

Mwaka jana simu ya zamu ilituita kwenye nyumba niliyokulia. Moyo wa mama ulikuwa umezidiwa. Ambulansi haifiki pale, lazima kubeba hadi barabarani. Nilimwachia jirani mwenye nguvu upande wangu wa machela, nikaushika mguu wa mama. Ulikuwa mwembamba, wa baridi. Sijawahi kuogopa vile.

Katikati ya njia alifumbua macho. Aliniona, akawaona na majirani waliojaa kando.

"Niachilie," akasema, midomo ikijaribu kucheka. "Watu wanaangalia."

Nikakaza zaidi.