Siku Tuliyoposa kwa Spika ya Simu

Nimechoka kuisikia habari hii ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, kila mmoja akiongeza chumvi yake, wengine wakisema eti nilikuwa nimeshona suti mpya (uongo, suti ni ile ile ya zamani, naivaa hata kwa mazishi), kwa hivyo wacha niiseme mwenyewe mara moja, mcheke mmalize, kisha mniache. Ni kweli. Mimi, mwalimu wa jiografia, mtu wa miaka hamsini na kitu, niliuketisha ukoo mzima chini ya hema pale Ruiri tukaposa mwanamke ambaye hayupo popote duniani. Aibu yake naamka nayo kila asubuhi.

Ilianza na imeli. Nakaa Kaaga, nyumba ya kupanga karibu na shule, na nimekuwa peke yangu tangu mke wangu Igoki aage dunia. Hatukujaliwa watoto. Mtu asikudanganye kwamba upweke ni ugonjwa wa vijana, maana kijana ana marafiki wa kumpotezea jioni, lakini mtu wa rika langu akirudi nyumbani anasalimiana na sufuria. Basi jioni moja nafungua imeli kutafuta ratiba ya mitihani, nakuta ujumbe wa mtu nisiyemjua, anaitwa Clarissa, anasema ameona profaili yangu na roho yake ikatulia. Profaili gani? Sina profaili mahali popote. Nililiona hilo kwa macho yangu haya mawili, na ningeufuta ule ujumbe nikaendelea na ratiba yangu ningekuwa mtu mwenye heshima mpaka leo. Lakini nililelewa kwamba salamu hujibiwa, hata ya mlevi barabarani, kwa hivyo nikaandika mistari miwili tu, kwamba huenda amekosea mtu na Mungu ambariki.

Hakuwa amekosea mtu. Kumbe alikuwa akimtafuta mtu yeyote anayejibu.

Clarissa alikuwa nesi katika nchi ya baridi, mjane kama mimi (bahati gani hiyo), hana baba hana mama, na wiki haijaisha alikuwa ananiita mpenzi. Picha alizotuma zilikuwa za mwanamke mzuri mno, amevaa nguo za hospitali na midomo inang'aa, na mimi nikajiangalia kwenye kioo, nikaiona hii pua na hiki kipara, halafu badala ya kujiuliza maswali nikamshukuru Mungu. Akasema tuache imeli tuandikiane kwa simu, nikaacha. Nikitaka tuonane kwa video, kamera ya simu yake imeharibika. Nikatuma pesa kidogo za kuitengeneza, na ile kamera ikaendelea kuharibika. Kuna siku aliniita Robati. Mimi si Robati. Nilipomuuliza akasema kwao Robati ni jina la mapenzi, nikakubali, tena nikatembea siku nzima nikijisikia Robati. Mwanafunzi akiniletea kazi ya namna hiyo nampa sifuri na kumwita mzazi.

Halafu ikaja tiketi ya ndege. Anataka kuja Meru tuanze maisha, ila mshahara wake umekwama, nimtumie nauli, na nisimwambie mtu yeyote kwa sababu watu wana wivu. Hapo ndipo nilipokosea kwa namna ambayo nadhani ni sisi tu tunaweza kukosea. Nilimwambia, kwa adabu kabisa, kwamba siwezi kumtumia nauli mwanamke ambaye bado si wangu, hiyo ni kumdharau, mtu hamnunulii mtoto wa wenyewe tiketi kama mzigo. Kama ananipenda, anionyeshe watu wake, nami nipeleke mahari kama mwanaume mwenye kwao.

Kisha akasema ana mjomba, anaitwa Daktari Felix, ndiye aliyemlea, na yuko tayari kupokea mahari hata leo.

Mngeniona nilivyofurahi. Nilijiona nimemshinda shetani, kwamba mwanamke tapeli asingekubali mambo ya wazee. Jumamosi iliyofuata nikaenda Ruiri kumwambia kaka yangu Mutuma, ambaye anakaa kwenye shamba letu na ndiye anayenitunzia mtamba wangu. Huyo mtamba ni wa uzao wa ng'ombe aliyelelewa na Igoki. Mama yake na bibi yake tuliwauza wakati wa matibabu ya Igoki, akabaki yeye, na alikuwa na mimba ya kwanza. Sina kitu kingine ambacho mkono wa Igoki ulikigusa kikaendelea kuishi. Na huyo ndiye niliyemwambia Mutuma tumuuze.

Mutuma aliikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Nina hakika."

"Huyu mwanamke umemwona?"

"Nimeona picha."

"Hata mimi nimeona picha ya simba," akasema, lakini ni kaka yangu, na alikuwa ameniona nikila peke yangu kila Krismasi, kwa hivyo akaenda kumwita mnunuzi wa ng'ombe.

Siku yenyewe walikuja watu wengi kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nimemwambia Mutuma awaite wazee wachache, yeye akamwambia mkewe, mkewe akawaambia kina mama wa kanisa, na ukishawaambia kina mama wa kanisa kwamba Mwalimu anaoa mzungu huhitaji tena kutangaza. Hema likasimamishwa. Mbuzi akachinjwa. Mukimo wa viazi na mahindi ukapondwa kwenye sufuria ile kubwa ya harambee. Wazee wakaletewa miraa yao, wakaketi mbele, na katikati yao akaketi Baba Mdogo Baariu, ndugu wa marehemu baba, ambaye ndiye msemaji wetu wa mambo ya kuposa na hajawahi kushindwa kupunguza mahari tangu nizaliwe. Nyuma ya hema ilikuwa pikapu ya mnunuzi, na mtamba alikuwa tayari amepakiwa, ananiangalia juu ya vyuma.

Kwa sababu wakwe walikuwa ng'ambo, tulikubaliana mazungumzo yawe kwa simu, ile spika kubwa ya kanisa iunganishwe kila mtu asikie. Daktari Felix aongee Kiingereza, wazee waongee Kimeru, na mtafsiri awe nani? Mimi. Bwana harusi mwenyewe, na suti yake ya mazishi, nikishika simu kama mtu wa redio.

Baba Mdogo akaanza vizuri sana. Akaomboleza. Akasema mvua imetukataa, ng'ombe wamekufa, watoto wako shule, sisi ni watu maskini tumekuja na mikono mitupu lakini na roho safi. Hivyo ndivyo inavyoanzwa. Upande wa pili nao wanatakiwa wakasirike kidogo, waseme binti yao amesoma, waulize kama tunafikiri walimwokota sokoni, kisha watu wacheke, miraa itafunwe, na pole pole mkutane katikati mwisho wa siku. Nikatafsiri yote.

"No problem," akasema Daktari Felix.

Watu wakatazamana. Baba Mdogo akafikiri labda sijatafsiri vizuri. Akasema, basi mwambie mahari yote ya desturi, ng'ombe, fahali na kondoo wawili, hatuiwezi. Tuna ng'ombe mmoja.

"No problem. Send the value."

"Amesema nini?"

"Amesema ni sawa, Baba Mdogo. Tutume pesa yake."

"Mwambie hata huyo ng'ombe ni mgonjwa."

Nilimwambia kwa sauti ya chini, lakini spika ile haina siri. Daktari Felix akasema hakuna shida, ni sawa kabisa, tutume tu leo kabla benki haijafungwa. Kina mama wakaanza kucheka, kile kicheko cha kufunika mdomo na leso. Wazee hawakucheka. Wengine waliacha hata kutafuna.

"Muulize asali," akasema Baba Mdogo. Kwetu asali ya mahari ni ya wazee wa upande wa msichana, wanaionja wakiwa wameketi, na hapo ndipo undugu unapoingia. "Muulize, asali tukiileta, itaonjwa na wazee gani? Ataje majina, tuwasalimie."

Nikauliza. Kwenye spika tukasikia mtu mwingine akimnong'oneza Daktari kitu, halafu Daktari akarudi na kusema hata asali inaweza kutumwa kwa simu.

Hapo hema lote lilipasuka kwa kicheko. Yule mnunuzi wa ng'ombe, ambaye hata si wa ukoo wetu, alicheka mpaka akaegemea gari lake. Mimi nilibaki nimesimama na simu mkononi, nikisubiri mtu aniambie nitafsiri nini tena.

Baba Mdogo hakupandisha sauti. Aliweka miraa chini, akapangusa mikono, akanitazama kwa huruma ambayo iliniuma kuliko vile vicheko.

"Mwalimu, zima hiyo simu," akasema. "Mtu aliye na msichana huringa. Hawa hawana msichana."

Nikazima. Na nitawaambia ukweli, sikushangaa. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo. Nilikuwa najua tangu ile profaili, nilijua tangu kamera, nilijua tangu Robati, ila kujua kulikuwa kunaniambia nirudi kwa sufuria zangu, na mimi sikutaka kurudi. Tapeli hakunificha chochote. Kazi yote ya kunificha ukweli niliifanya mwenyewe, bure, tena kwa bidii.

"Sasa tunaenda au tunashusha?" mnunuzi akauliza.

"Shusha," akasema Mutuma.

Mngedhani aibu imeisha, lakini mtamba alikataa kushuka. Alikuwa amepanda kwa kusukumwa na sasa akaona ameshazoea. Mutuma akavuta kamba, mnunuzi akapiga piga ubavu, na mimi ikabidi nipande kwenye pikapu na suti yangu, nisukume kutoka nyuma mbele ya kanisa lote, na ng'ombe mwenye hofu mnajua anafanya nini kwa mtu aliyesimama nyuma yake. Suti ile hata kwa mazishi sasa haifai. Lakini alishuka. Alipokanyaga chini nilishika shingo yake nikakaa hivyo kidogo, na kina mama wakaacha kucheka, wakaenda kupakua chakula, maana mbuzi alikuwa ameshakufa na hakuwa na kosa.

Clarissa aliniandikia jioni hiyo hiyo kwamba nimemvunja moyo. Nikaifungia namba yake. Shuleni habari ilifika kabla yangu. Ukiomba chaki kwenye chumba cha walimu mtu anakujibu "no problem", na wengine wanageuka kuangalia dirishani mabega yakicheza. Wanafunzi wananiita Robati (sijui nani aliwaambia, nadhani ni mimi mwenyewe, nilipokuwa nikijieleza kwa mtu mmoja niliyemwamini). Nimewazoea. Nimechoka tu.

Kisha simu ikapigwa kutoka Ishiara. Ni mama mkwe, mama yake Igoki. Tangu mazishi nilikuwa namtumia salamu za Krismasi na basi, sikuwa nimekanyaga kwake, nikijiambia kwamba nikimwona nitamkumbusha mtoto wake. Nikajua habari imeteremka mpaka nyanda za chini.

"Mwalimu," akasema, bila kusalimia. "Nasikia ulikuwa unatafuta watu wa kupelekea ng'ombe."

"Mama, ni maneno ya..."

"Sisi tulihama?"

Nilikaa kitandani na simu sikioni, nikalia kama mtoto, na yeye hakukata wala hakusema pole. Alingoja tu nimalize, kisha akaniuliza nitakuja lini.

Nilikwenda shule zilipofungwa, na mtamba, maana kwetu mahari haimaliziki hata mke akifa, kwa pikapu ya yule yule mnunuzi, aliyenipunguzia nauli akisema siku ile nilimpa furaha ya mwaka mzima. Ishiara ilikuwa na joto la kupasua mawe. Mama mkwe alitoka na fimbo yake, akamzunguka mtamba pole pole, akamgusa mgongo, akamwangalia meno, na mimi nikasimama juani na kofia mkononi.

"Amekonda," akasema. "Na huu mguu una nini? Na fahali yuko wapi? Mtoto wangu alisoma mpaka chuo, halafu unaniletea hiki? Ulifikiri tulimwokota sokoni?"

Sijui kama nimewahi kutukanwa nikasikia utamu kama ule. Nilimwomba msamaha, nikalalamika kwamba mvua imetukataa, akasema mvua ya Meru haimhusu, na tukaendelea hivyo mpaka jirani wakaja kusikiliza. Mwisho akamfunga mtamba chini ya kivuli, akaniwekea kiti, akaniletea maziwa lala kwenye kibuyu na kunitazama nikinywa.

Nikamwahidi pale pale kwamba sitatafuta tena mke kwenye simu, hata akiniandikia malaika.

"Hata ukitafuta kwa miguu," akasema, "utapitia hapa kwanza nimwone."