Asubuhi Kipanga Alipoirusha Droni Mvuani

Mtaani walimwita Kipanga kwa sababu ya kazi yake. Alirusha droni kwa ajili ya kampuni ya upimaji ardhi: kidude chepesi chenye mapangaboi manne na kamera tumboni, ambacho kingeweza kupiga picha ya shamba zima kabla mwenye shamba hajamaliza kujieleza. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, kipara kikimnyemelea kutoka nyuma. Akifika kazini hutandika turubai chini, kisha hutazama mbingu kabla ya kutazama betri. Wingu likiwa zito, hufunga sanduku lake. Wateja walimfokea na bosi alimnunia, lakini hakurusha ng'o.

"Kipanga gani huyo anaogopa mvua?" baba yake alikuwa akimtania, enzi hizo akili za mzee zikiwa bado zimetulia. "Huyo ni kuku, kapewa jina la ukubwa tu."

Baba alikuwa fundi mwashi, na watu walimwita Timazi kwa jinsi kuta zake zilivyosimama wima. Sasa kuta zilikuwa palepale, yeye ndiye aliyeanza kuinama. Alisahau majina, akasahau kwamba mkewe alikwishafariki, mwisho akasahau kwamba amestaafu. Alfajiri huamka akauliza kama mchanga umeshafika. Alikaa kwa bintiye mkubwa, fundi cherehani, na Kipanga naye alipanga chumba cha uani hapohapo. Dada ndiye aliyemwogesha mzee, akamlisha, akamvumilia. Lango alilifunga kwa komeo mchana na usiku, maana mzee akipata upenyo tu, huyoo, anakwenda kazini.

Asubuhi moja ya masika mteja alikuja kuchukua gauni lake, akatoka bila kurudisha komeo. Dada alipoinua uso kutoka kwenye cherehani, kiti cha baba kilikuwa kitupu.

Nyuma ya mtaa ule kulikuwa na uwanda mpana wa wafyatua matofali. Upande mmoja yalikuwapo matanuri ya kuchomea, na nyuma yake mtaro mkubwa wa maji machafu. Upande wa pili yalikuwa mashimo ya kuchimbia udongo, yaliyojaa maji na matete. Majirani walitawanyika wakiita. Manyunyu ya tangu alfajiri yaligeuka mvua ya mawe na upepo, kisha mawe yakakoma, ikabaki mvua nene iliyonyesha kama inalipwa kwa kazi hiyo.

"Irushe," dada alisema. Alikuwa amelowa chepechepe, miguu mitupu, tope hadi magotini.

"Dada, kwa mvua hii haiwezi."

"Haiwezi au hutaki?"

"Haiwezi. Nikiirusha itaanguka."

"Watu wanapeleka vyuma mpaka mwezini, wewe unaniambia kidude chako kinaogopa maji kama paka?"

"Si maji kuingia ndani, dada. Imezibwa vizuri. Tatizo ni mapangaboi, yakilowa yanashindwa kuushika upe..."

"Baba yuko nje na shati la kulalia! Unanipa somo?"

Kipanga alitazama mawingu. Yale aliyotaka kusema alikuwa amewaambia wanagenzi wake mara nyingi. Mvua haiui droni kwa kuilowesha, huiua kwa kuichosha. Pangaboi hupanda kwa kuusukuma upepo chini, na upepo hupita vizuri juu ya pangaboi laini na kavu. Likishashika utando wa maji, uso wake huwa kama una mabaka. Upepo hujikwaa, humeguka, na nguvu ya kuinua hupungua. Hapo matone nayo yanaigonga droni kutoka juu, moja si kitu, lakini yapo maelfu. Mota zinalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ikae palepale ilipokuwa, na betri inakwisha kama maji kwenye pakacha. Lakini mbele ya dada yake maneno hayo yote yalikuwa kelele tu. Alipiga moyo konde, akaenda kuleta sanduku.

Iliruka vibaya tangu mwanzo. Ilipanda ikiyumba, mlio wake ukiwa mwembamba na mkali kuliko siku zote. Kipanga aliipeleka kwanza juu ya matanuri. Kwenye kioo cha rimoti aliona mapaa, moshi, na doa kubwa la tone lililoziba karibu nusu ya picha. Aliigeuza ghafla ili tone litoke. Likatoka, likaja jingine. Hakuona mtu. Betri ilikuwa inashuka huku anaitazama, akaamua kuipeleka kwenye mashimo, kwa kuwa hapo ndipo alipopaogopa zaidi.

Juu ya shimo la mwisho, kati ya matete, kilionekana kitu cheupe.

"Hapo!" dada alimkamata mkono. "Shati lake hilo! Shusha!"

Droni haishushwi wima. Inashushwa kwa mshazari, iwe inaingia kwenye upepo mpya. Ikishuka wima inatumbukia katika upepo iliousukuma yenyewe, na humo haina pa kushika. Kipanga alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini akienda kwa mshazari angekipoteza kile kitu cheupe katika ukungu ule wa matone.

"Shusha, mdogo wangu, shusha!"

Akaishusha wima.

Ilitii kidogo, kisha ikaacha kutii. Alisukuma kijiti cha kupandia hadi mwisho. Mota zilipiga ukelele, picha ikatikisika, matete yakaja kwa kasi, kioo kikawa cheusi. Hata kishindo hawakukisikia kwa sababu ya mvua.

Dada alikwishaanza kukimbia, na majirani wote walimfuata. Waliingia ndani ya shimo maji yakiwafika kifuani, wakapapasa kati ya matete wakiita, "Mzee Timazi! Mzee!" Kipanga aliteleza, akamezwa, akaibuka akitema tope. Ni yeye aliyekifikia kile kitu cheupe na kukivuta. Kilikuwa mfuko mtupu wa saruji.

Walimpata baba mchana, mvua ilipopungua. Alikuwa upande wa pili kabisa, nyuma ya matanuri. Alikuwa ameteleza ukingoni, akaangukia uso ndani ya mtaro ambao maji yake hayakufika hata magotini.

Waombolezaji walipokuja, alikuja pia mama mmoja mfyatua matofali, mtu wasiyemjua, kanga yake imefifia kwa vumbi la udongo. Alimshika dada mkono, akampa pole. Kisha akasema, kwa nia njema kabisa:

"Mimi nilimwona marehemu asubuhi ile. Nilikuwa nimejibanza kwenye tanuri. Alisimama pale uwanjani anatazama juu, anaipungia mkono ile ndege yenu. Nikasema alhamdulillahi, wenyewe wameshamwona. Ndiyo maana sikutoka kwenda kumchukua."

Dada aliurudisha mkono wake taratibu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kipanga alibaki palepale. Ilimbidi amwambie yule mama ahsante kwa kuja.

Baada ya mazishi ndugu hao wawili hawakukosana, wala hawakupatana. Walisalimiana, wakaulizana kama umeme umerudi, basi. Kazini Kipanga alipewa droni nyingine, maana bosi naye alikuwa na baba. Aliendelea kufundisha wanagenzi. Akifika kwenye somo la mvua, humpa mwenzake alifundishe, yeye akatoka nje kufuta lenzi zilizokwisha kufutwa.

Ilikuwa kiangazi dada alipomwita chumba cha kushonea. Hakuinua uso.

"Siku ile ulisema itaanguka."

"Nilisema."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, dada."

Cherehani ilikimbia kidogo, ikasimama.

"Kama ungekataa katakata, yule mama angetoka kumchukua baba."

"Labda."

"Usiniambie labda."

"Angetoka," alisema Kipanga.

Dada alikata uzi kwa meno. "Baba angekuwa hai, na mimi nisingejua kwamba kukataa kwako ndiko kulikomwokoa. Ningekuchukia mpaka kaburini, kwamba ulikuwa na macho angani ukamnyima baba yetu." Alilaza kitambaa upya chini ya sindano. "Sijui ningependa ipi, mdogo wangu. Kila asubuhi najiuliza, na sijui."

Kipanga alisimama mlangoni hadi dada alipoanza kushona tena, ndipo akatoka, akaenda kazini.