Liva ya Gia Yenye Matundu Matatu

Kazi yangu ni kununua viazi na karoti kwa wakulima na kuvipeleka Tanga, na kazi hiyo imeniharibu. Baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kufungua magunia, siwezi tena kuona kitu kilichofungwa vizuri nikakiamini. Gunia la viazi hupangwa: vikubwa juu na pembeni, vidogo katikati, na siku moja nilikuta humo jiwe zima la kusagia. Mke wangu husema siku nikifa nitamwambia malaika afungue begi lake kwanza. Mimi humjibu kwamba malaika mwenye begi safi hatakasirika.

Kwa hiyo watu walishangaa niliponunua gari la starehe. Ni gari dogo la Kijapani, milango mitatu, nyuma limekatwa ghafla kama mkate, lina gia sita za mkono na injini ambayo ukiikanyaga inakubandika kwenye kiti. Halibebi hata magunia mawili. Nililinunua kwa sababu nusu ya maisha yangu nimezipanda kona za Mombo hadi Lushoto ndani ya lori linalokohoa, na nilitaka kabla sijazeeka nizipande kwa raha. Siku tatu za wiki nililiendesha mimi. Siku zilizobaki alilichukua mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Soni.

Lilikuwa na kasoro moja tu, liva ya gia. Safari yake ilikuwa ndefu mno. Kutoka ya pili kwenda ya tatu mkono ulisafiri kama umetumwa dukani, na kwenye kona zetu hakuna muda wa kutuma mkono dukani. Vijana wenye magari ya namna hii huitoa liva ya kiwandani wakaweka fupi, ambayo unaigusa kidogo na gia inaingia. Nikaitaka.

Hapo ndipo anapoingia baba mkwe. Karakana yake iko njia ya Magamba, ina shimo lililojengwa kwa mawe, na hakuna fundi anayemfikia kwa magari ya gia za mkono. Tatizo ni kwamba mkwe hakaguliwi. Huwezi kusimama juu ya shimo ambamo baba mkwe wako ameingia ukamwuliza anafungua nini. Unamwamkia, unampa funguo, unakaa kwenye benchi na kutazama miti. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu.

Na kulikuwa na jambo kubwa kuliko gari. Mzee huyu alinipa binti yake wakati sina hata baiskeli, ndugu zake wote wakipinga. Nikigundua kwamba ananichezea, nitakaa vipi na mwanawe? Na nikimshuku mzee bure, nitamtazama vipi usoni? Nilitamani sana nisimshuku. Sikuweza.

Nilijaribu kwanza kumkwepa. Mchomeleaji mmoja wa karibu na soko alisema ataikata liva yangu ya zamani kwa msumeno na kuichomelea kirungu chake upya, kazi ya saa moja. Nilimtazama viatu, vilikuwa vimetobolewa na cheche zake mwenyewe, nikaaga. Kisha nikampata kwa simu muuza vipuri wa Dar, aliyedai ana liva mpya ya alumini, fupi kuliko zote nchini. Alinitumia picha nzuri sana. Nikamwomba aipige picha nyingine juu ya gazeti la siku hiyo, nijue kweli anayo mkononi. Akanikatia simu, na mpaka leo sijui nilimkosea au nilimkamata.

Ikabidi niende Magamba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na wasiwasi wako?"

Nikamweleza. Akaingia stoo, akatoka na kitu kimefungwa kwenye tambara la mafuta. Ilikuwa liva ya chuma, imetolewa kwenye gari la aina yangu lililopata ajali. Chini kwenye shina lake palikuwa na matundu matatu, moja juu ya jingine.

"Kebo ya gia inafungwa hapa," alisema. "Ukiifunga tundu la chini, mwendo unakuwa mfupi kabisa, ila mkono unakuwa mzito. Tundu la juu, mwendo unarefuka kidogo lakini unasukuma kwa vidole viwili. La kati ni la watu wenye akili."

"Nifungie la chini, baba."

"Mwezi wa saba, likilala nje kwenye baridi, gia ya pili itakukatalia asubuhi. Usishindane nayo."

"Nimesikia."

Akaniambia niichukue nyumbani nikaitazame kwanza, na kwamba hataki kitu, ilikuwa imekaa tu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtu hatoi bure kitu kizuri bila sababu. Nikaiwekea sumaku ya redio mbovu, ikanasa, kwa hiyo kweli ni chuma. Nikaipima kwenye mizani yangu ya viazi, ingawa sikuwa na uzito wa kuulinganisha. Mwishowe nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, ya zambarau, nikaweka doa chini ya shina mahali pasipoonekana. Kama ingebadilishwa shimoni, ningejua.

Haikubadilishwa. Aliifunga nikiwa kwenye benchi, na jioni ile nililishusha gari hadi Soni na kulipandisha tena bila shughuli yoyote ya kunipeleka. Gia ziliingia kwa mlio mfupi mtamu. Mkono ulihitaji nguvu, kweli, lakini mimi mkono wangu umenyanyua magunia. Nilifika nyumbani nikiimba.

Wiki chache baadaye, Jumatatu moja, nikahisi mwendo umerefuka. Si sana. Mtu mwingine angesema ni mawazo. Nikang'oa kifuniko cha ngozi na kutazama kwa tochi. Doa la zambarau lilikuwapo, liva ni ileile, lakini kebo ilikuwa imehama kutoka tundu la chini kwenda la kati.

Nikairudisha chini na kunyamaza. Baada ya siku kumi nikaikuta tundu la juu. Nikairudisha tena. Ikapanda tena. Tuliendelea hivyo, mimi na adui nisiyemwona, tukipeana boliti moja, na nakiri kwamba nilianza kuamka alfajiri kwa hamu ya kuona leo iko wapi.

Adui nilimjua. Kila Jumamosi mke wangu huenda kuwasalimu wazazi wake, na gari hukaa mbele ya karakana mchana kutwa. Nilijiuliza mzee anataka nini, nikajijibu mwenyewe kama ilivyo desturi yangu: ameijutia liva yake. Anaiharibu ladha kidogo kidogo ili niichoke, niirudishe kwa hiari, naye aonekane hakunyang'anya. Nilipolipata jibu hilo nilijiona mwerevu sana.

Mke wangu sikumwambia. Kwanza ni binti yake, angemfikishia. Pili, yeye aliliendesha gari likiwa tundu la chini na likiwa la juu bila kusema neno, nikaona hajui tofauti.

Jambo lenye mkwe halisemwi mdomo kwa mdomo, husemwa na mshenga. Wangu bado yu hai, seremala mstaafu, ndiye aliyenipelekea posa miaka hiyo. Nilimkuta uani kwake anapalilia vitunguu.

"Nina shauri la ukweni," nikasema.

Akakung'uta mikono kwa huzuni. "Mke kakosa nini?"

"Si mke. Ni gia."

"Mghoshi, nimepeleka ugomvi wa ng'ombe, wa shamba, wa mtu kutukana shangazi. Gia sijawahi."

Lakini alikwenda, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Alirudi kesho yake saa kumi jioni. Hakukubali chai. Akakaa wima, akanipa maneno kama alivyopewa.

"Mzee anasema hivi: mimi liva hiyo nimeifunga mara moja tu, sijaigusa tena. Lakini nyumbani kwa mkwe wangu yupo mtu aliyenishikia spana tangu ana miaka saba, anayejua kufunga na kufungua kuliko vijana wangu wote. Amwulize huyo. Na akimwuliza, anyamaze asikilize."

Kisha akaongeza la kwake: "Alipomaliza kusema akakaa chini. Nilivyomwona, ana hofu na kitu."

Mke wangu alikuwa jikoni anamenya maharage mabichi. Ganda alikuwa amelibana kwenye goti, analipasua kwa mkono wa kulia peke yake. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kwa wiki nyingi, nikidhani ni uvivu.

"Ni wewe unayehamisha kebo?"

"Ni mimi." Hakuinua kichwa. "Spana namba kumi iko kwenye droo ya vijiko. Ungekuwa unajichukulia kijiko mwenyewe ungeshaiona."

"Kwa nini?"

Akaweka mkono wa kushoto mezani, kama mtu anayeweka kitu kisicho chake. "Vidole hivi vitatu vinakufa ganzi. Nikishika usukani muda mfupi tu vimelala. Tundu lako la chini linataka nguvu, na mimi upande huu sina nguvu. Ile wiki ya baridi gia ya pili ilinikatalia pale mlimani, lori la mbao liko nyuma yangu. Niliivuta kwa mikono miwili. Umenisikia? Miwili. Usukani niliubana kwa magoti."

Naijua sehemu ile. Upande wa kushoto hakuna kitu, ni vilele vya miti tu, na miti yenyewe iko chini sana.

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Masika! Na hukuniambia?"

Akacheka kidogo, cheko lisilo na ubaya, na hilo liliniumiza zaidi. "Mwaka juzi nilikwambia mgongo unauma. Ukaniuliza ni kazi gani naikwepa. Ukanifuata hadi kisimani kuona kama nitainama. Safari hii nikasema ngoja nihamishe kebo, nikimaliza kuendesha nirudishe. Siku nyingine nilisahau kurudisha, siku nyingine vidole havikuweza kushika boliti. Halafu nikaiona rangi yangu ya kucha kule chini. Nikajua unamwinda mtu."

"Nilidhani ni baba."

"Umemtuma mshenga kwa tate kwa ajili yangu, na mimi nipo hapa jikoni kila siku."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya usijue pa kuweka macho. Nilimwambia kesho hatukai, tunakwenda hospitali, na gari nitaendesha mimi, na kebo itakaa tundu la juu hadi gari life. Aliitikia kwa kichwa. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, nikauchukua ule mkono. Ulikuwa wa baridi. Nikaanza kuminya vidole kimoja kimoja.

"Hiki?"

"Sisikii."

"Na hiki?"

"Sisikii."

Cha tatu nilikiminya kwa nguvu, kwa ukucha, zaidi ya ilivyohitajika. Na wakati nakiminya sikuwa natazama kidole. Nilikuwa namtazama usoni, nione kama atashtuka.

Hakushtuka. Lakini aliona nilikokuwa natazama. Akasubiri kidogo, kama anayenipa nafasi nimalize, kisha akauvuta mkono wake taratibu, akaurudisha kwenye maharage.